SARAFU YENYE KASORO NA SARAFU YA HADAA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Kilosa na Mikumi)



Kamati imenitaka niseme juu ya sarafu zipitazo mikononi mwetu kila siku, na hasa juu ya zile zinazoonekana kuwa na maandishi mawili mawili, na zile zilizobadilishwa kwa hila. Huenda mtu akasema kwamba jambo hili ni mchezo wa watu wenye nafasi. Sivyo. Karani wa fedha, mkusanya ushuru wa soko, mwuza tikiti na mwenye duka, wote huhesabu sarafu, nao ndio waulizwao na jirani zao, "Bwana, hii ina thamani gani?" Watu huamini kwamba mtu wa kalamu anajua. Jibu la haraka laweza kumfanya mkulima auze mbuzi wake ili anunue kipande cha shaba kilichopakwa rangi ya dhahabu. Na jibu la dharau laweza kumfanya bibi kizee atupe kitu cha kumbukumbu ya nchi. Kwa hiyo imetupasa tujifunze kujibu kwa haki.

Neno nitakalo mlichukue leo ni moja. Kila mwonapo sarafu isiyo ya kawaida, ulizeni kwanza: Hitilafu hii iliingia wakati sarafu ilipokuwa ikipigwa kiwandani, au iliingia baadaye? Ikiwa iliingia kiwandani, hiyo ni kasoro ya kweli, na yamkini ina thamani. Ikiwa iliingia baadaye kwa bahati mbaya, hiyo ni sarafu iliyoharibika tu. Na ikiwa iliingia baadaye kwa mkono wa mtu atakaye faida, hiyo ni hadaa. Mengine yote nitakayosema ni njia za kulijibu swali hilo.

JINSI SARAFU INAVYOPIGWA

Mtu hawezi kujua kosa asipojua kazi ilivyopaswa kufanywa. Umbo la sarafu huchorwa kwanza na fundi, kisha huhamishwa juu ya chuma cha pua likiwa limeinuka kama litakavyoonekana katika sarafu yenyewe. Chuma hiki nitakiita muhuri mama. Muhuri mama hushindiliwa kwa nguvu juu ya chuma kingine kilicholainishwa, nacho hupata umbo lile likiwa limezama na kugeuka, kama vile herufi za muhuri wa ofisi zilivyogeuka. Hicho cha pili ndicho muhuri wa kupigia. Hukazwa kwa moto, kisha hutiwa katika mtambo pamoja na mwenziwe, mmoja juu na mmoja chini. Na kipande cha madini kikiwekwa kati yao hupigwa kikatoka na sura pande zote mbili.

Zamani kushindilia mara moja hakukutosha. Chuma kilipogandamizwa kilikuwa kigumu, ikabidi kitiwe motoni kilainike, kisha kirudishwe chini ya muhuri mama mara ya pili, na pengine ya tatu. Hapo ndipo kosa lilipoweza kuingia. Kisiporudishwa mahali pake hasa, ijapokuwa kilipotoka kadiri ya unywele tu, umbo la pili halikulala sawasawa juu ya lile la kwanza. Muhuri wa kupigia ukatoka na herufi mbili mbili, na kila sarafu iliyopigwa nao ikazaliwa na alama ile ile.

Angalieni sana maneno hayo: kila sarafu, alama ile ile. Kosa hili halimo katika sarafu moja; limo katika muhuri. Sarafu mbili zilizotoka katika muhuri mmoja huwa na herufi zilizorudiwa mahali pamoja, kwa upande mmoja na kwa kadiri moja. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza na iliyo bora kuliko zote.

Mfano ujulikanao ulimwenguni ni senti ya Marekani ya mwaka 1955, iliyopigwa katika kiwanda cha Philadelphia. Tarehe na maandishi yake yamerudiwa wazi hata mtu huyaona bila ya kioo. Wakaguzi wa kiwanda walipotambua kosa, sarafu hizo zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na nyingine nyingi mno, wakaona heri ziachwe ziende kuliko kuyeyusha zote. Kadiri ya 20,000 au zaidi zikaingia mikononi mwa watu, na nyingine zilitoka kama chenji iliyotiwa ndani ya pakiti za sigara za kuuzwa kwa mashine. Leo watoza sarafu huzinunua kwa bei kubwa. Na kwa sababu hiyo hiyo wadanganyifu nao wamezitengeneza za kughushi.

MARUDIO YASIYO NA THAMANI

Sasa yafaa mjue kwamba katika sarafu mia zinazoletwa na watu wakidai zina maandishi mawili, karibu zote si za namna hiyo. Yako mambo matatu yawezayo kulidanganya jicho.

La kwanza ni muhuri uliolegea katika mtambo. Muhuri ulegeapo husogea kidogo wakati wa pigo lenyewe, ukakwaruza ubavu wa herufi. Alama yake ni kama kidato bapa kando ya herufi, chenye kung'aa, nayo herufi yenyewe huonekana imepunguzwa unene. Katika marudio ya kweli mambo ni kinyume: herufi hunenepa, umbo la pili huwa la mviringo na limeinuka kama la kwanza, na kwenye ncha za herufi huonekana mpasuko mdogo unaotenga umbo na umbo. Basi shikeni kanuni hii: kidato bapa, sarafu ya kawaida, herufi mbili kamili zenye mpasuko, chunguza zaidi.

La pili ni muhuri uliochakaa. Muhuri uliokwisha kupiga maelfu kwa maelfu ya sarafu hulika kingo zake, na herufi zinazotoka huwa na ukungu pande zote. Jambo hilo ni uzee wa chombo.

La tatu ni mambo ya njiani. Sarafu imekanyagwa na gari, imegongwa kwa nyundo, imetiwa motoni, au imebanwa juu ya sarafu nyingine hata herufi zikaandikika kinyume. Herufi zilizogeuka na kuzama katika uso wa sarafu ni ushahidi wa kubanwa, kwa kuwa mtambo hautoi kazi ya namna hiyo katika hali yake ya kawaida.

Tena iko sarafu idhaniwayo kuwa na kosa nayo haina kosa. Mwaka 1936 senti 5 na senti 10 za Afrika ya Mashariki zilipigwa kwa jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyejiuzulu mwezi wa Desemba mwaka ule ule kabla ya kuvikwa taji. Kwa kuwa sarafu hizo zilikuwa na tundu katikati, hazikuhitaji sura ya mfalme, na kwa hiyo ziliweza kutolewa mapema. Kadhalika zile herufi ndogo H, KN, I na SA zilizo katika sarafu za Bodi ya Fedha ya Afrika ya Mashariki si makosa. Ni alama za viwanda vilivyozipiga, viwili vya kwanza vya Uingereza, kimoja cha Bombay na kimoja cha Pretoria.

SARAFU ZA TABORA

Huenda mkasema kwamba mfano wa Marekani u mbali. Basi tuutazame ulio karibu, wa reli hii hii ipitayo Kilosa.

Vita vilipoanza mwaka 1914, nchi hii ilikuwa chini ya Wadachi, nayo ilitumia rupia. Tangu mwaka 1904 rupia moja ilikuwa heller 100. Kabla ya hapo ilikuwa pesa 64. Sarafu zao zilipigwa Ujerumani, na zile zenye herufi A zilitoka Berlin, zenye J zilitoka Hamburg. Manowari za Waingereza zilipoufunga mwambao, sarafu mpya zikakatika. Serikali ya Wadachi ikachapisha noti papa hapa nchini. Mwaka 1916 ikapiga pia sarafu zake katika karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora: heller 5, heller 20, na rupia 15 za dhahabu zenye sura ya tembo na mlima nyuma yake. Dhahabu ilitoka katika machimbo ya Sekenke. Zote zina herufi T, yaani Tabora.

Mihuri ya sarafu hizo ilichongwa kwa mkono, si kwa mitambo ya Ulaya; kwa hiyo mihuri haikufanana. Katika heller 20 mna zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Tena tazameni herufi mbili za L katika neno HELLER: kuna sarafu ambazo ncha za herufi hizo zimechongoka, nyingine zote mbili zimepindwa, na nyingine ni L ya pili tu iliyopindwa. Ziko za shaba ya manjano na ziko za shaba nyekundu. Katika rupia 15, pambo lililo chini ya maandishi huishia chini ya herufi T katika nyingine, na chini ya herufi A katika nyingine. Dhahabu hizo zilipigwa 16,198 kwa jumla: 9,803 za namna ile ya kwanza, na 6,395 za namna ya pili.

Hizo si sarafu zilizobadilishwa na mtu. Tofauti zake zilitoka katika muhuri, na ndiyo maana hurudiwa katika kila sarafu ya muhuri ule. Mtu asiyejua akiona mbili zisizofanana, atasema mojawapo ni ya kughushi. Ajuaye atasema: tuonyeshe kwanza ni mihuri gani.

Lakini tusijidanganye kwamba ardhi ya Kilosa imejaa dhahabu ya Tabora. Waingereza waliitwaa Kilosa tarehe 22 Agosti, 1916, na Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba mwaka ule ule. Sarafu zilizopigwa mwaka huo zilikuwa na muda mfupi sana wa kusafiri kwa reli ile kabla haijakatwa kati ya majeshi mawili. Mtu akiwaletea leo rupia 15 kumi na mbili, akisema amezichimbua pamoja kando ya Mto Mkondoa, tumieni akili kabla ya kutumia fedha.

NAMNA ZA HADAA

Hila za kubadilisha sarafu si nyingi, na karibu zote huacha alama.

Kwanza, kuchonga tarehe. Mwaka 1943 Marekani ilipiga senti za chuma, kwa sababu shaba ilitakiwa vitani. Chache mno zilipigwa za shaba kwa kosa, nazo zina thamani kubwa. Wadanganyifu wametwaa senti za shaba za mwaka 1948, wakakata upande mmoja wa tarakimu 8 ikaonekana 3. Wengine wamezivika shaba senti zile zile za chuma. Na hao sumaku ndiyo huwaumbua, maana chuma hunata na shaba hainati. Kwetu pia hila hiyo yawezekana. Shilingi ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na fedha robo yake hata mwaka 1946. Ile ya mwaka 1948 haina fedha hata kidogo. Mtu akiichonga 1948 iwe 1946, tarakimu itakubali, lakini maandishi yatamsuta. Kabla Uhindi haijapata uhuru mwaka 1947, sarafu zilimtaja mfalme pia kuwa Kaizari wa Uhindi. Katika shilingi ya 1948 cheo hicho kimeondolewa. Basi msisome tarehe peke yake. Someni sarafu nzima, kama msomavyo hati nzima na si sahihi tu.

Pili, kuongeza herufi ya kiwanda. Herufi iliyogandishwa huwa na mstari mwembamba unaoizunguka. Herufi iliyopigwa huinuka kutoka katika uso wa sarafu bila ya kiungo.

Tatu, kuunganisha nusu mbili, ili sarafu iwe na vichwa viwili au iwe na pande zisizopatana. Kiungo hutafutwa ukingoni au ndani ya ukingo, na sauti ya sarafu ikidondoshwa juu ya ubao huwa butu.

Nne, kuziba tundu. Rupia nyingi zilitobolewa zikavaliwa shingoni, nalo si kosa. Lakini auzaye huziba tundu akalifuta. Rangi ya kiraka haiwi sawa na rangi ya sarafu, na mistari ya herufi hukatika hapo.

Tano, kuvika dhahabu, au kumimina sarafu nzima katika kalibu. Sarafu iliyomiminwa huwa na vitundu vidogo vidogo usoni na mstari wa kalibu ukingoni, na herufi zake huwa laini kama sabuni iliyotumika.

VIPIMO VYA MTU ASIYE NA MITAMBO

Vyombo tuvihitajivyo ni vinne: kioo cha kukuzia, sumaku, mizani ya sonara, na sarafu ya kweli ya kulinganishia.

Rupia ya fedha ya Wadachi ina uzito wa gramu 11.66, na madini yake ni fedha sehemu 917 katika 1,000. Ikiwa imechakaa yaweza kupungua kidogo, haiwezi kuongezeka. Haishikwi na sumaku. Tena ukiifunga kwa uzi na kuipima imezamishwa majini, itapungua kadiri ya gramu 1.13. Ikipungua zaidi sana, madini yake ni mepesi kuliko fedha. Rupia 15 ya dhahabu ina gramu 7.168, na dhahabu yake ni sehemu 750 katika 1,000. Kipande cha shaba chenye ukubwa ule ule kitakuwa na zaidi kidogo ya nusu ya uzito huo. Mizani husema hayo kwa dakika moja.

Lakini kipimo kimoja hakifai kwa kila sarafu. Heller 20 za Tabora zilipigwa kwa haraka, na unene wake haukulingana. Usizihukumu kwa uzito peke yake. Na sarafu yetu ya shilingi 500, iliyotolewa na Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2014, ni ya chuma kilichovikwa nikeli, hivyo kunata kwenye sumaku ndiyo hali yake ya haki. Ajuaye sarafu ya kweli hahangaiki na ya uongo. Wenzetu wa Mikumi wana urahisi: swala wa shilingi 100, simba wa shilingi 200 na nyati wa shilingi 500, wote wamo katika Hifadhi iliyo mlangoni mwao. Jifunzeni sura hizo, ukingo wake na uzito wake mkononi, kabla hamjatafuta yaliyo ya ajabu.

Neno moja zaidi: msisafishe sarafu ya kale. Majivu, mchanga na ndimu huondoa uso wake, na uso ukiondoka thamani nayo huondoka, tena ushahidi wa kweli na uongo hupotea pamoja nao.

WAJIBU WETU

Waungwana, mtumishi wa watu ana mipaka yake. Fedha ya ofisi si mali ya kuchezea. Karani aonaye sarafu ya ajabu katika sanduku la serikali asiitie mfukoni kwanza na kufikiri baadaye; amwarifu mkubwa wake, na akiruhusiwa kuibadilisha na yake ya thamani ile ile, iandikwe. Akipokea sarafu aishukuyo kuwa ya kughushi, asiirudishe sokoni ili hasara imwangukie mwingine. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina sehemu nzima juu ya makosa ya sarafu, na kuitoa sarafu ya kughushi kwa kujua ni kosa, hata kama wewe hukuitengeneza.

Kadhalika tuwaonye jirani zetu juu ya kuchimbachimba. Wako wanaobomoa misingi ya nyumba za kale wakitafuta mali ya Mdachi, na wako wanaowauzia ramani na maneno. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, kama vile sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, nayo inakataza kuchimbua mabaki hayo bila ya kibali. Atakayeona kitu cha namna hiyo apeleke habari kwa wahusika.

Na mtu akija kwenu na sarafu katika kitambaa, msimcheke, wala msimpe bei. Mwambieni: tuitazame kwa kioo, tuipime, tuilinganishe. Ikiwa ni kasoro ya muhuri, mwambieni hivyo, asiiuze kwa mtu wa kwanza amwonaye. Ikiwa imechakaa tu, mwambieni aitumie ikiwa bado ni fedha halali, au aihifadhi ikiwa ni ya zamani. Ikiwa ni hadaa, mwambieni mapema, kabla mbuzi hawajauzwa. Mkifanya hivyo, watu watazidi kuamini neno la karani, nalo ni amana tuliyowekewa na wananchi wetu.

 Kioo na mizani viko juu ya meza. Mwenye sarafu yake na ailete sasa tuitazame pamoja.